Babu Zetu ni Kitenzi cha Kiingereza

Nikiwa Form Two niliandika insha ya Kiingereza kuhusu guka wangu, na katikati ya aya ya tatu nikamwita "unbwogable". Nilijiona nimeua kabisa. Daftari liliporudi, neno lilikuwa limezungushiwa wino mwekundu, na pembeni mwalimu ameandika kwamba neno kama hilo halipo. Maksi mbili zikaenda hivyo. Nikaenda ofisi ya walimu kujitetea, ujinga wa umri, nikaambiwa nikitaka maksi zangu nilete kamusi yenye hilo neno. Sikuwa nayo. Shule nzima haikuwa nayo.

Sitataja shule, na mwalimu mwenyewe alikuwa mtu poa. Lakini jibu lake lilinikwama kooni kama mfupa wa samaki. Kila mtu Kenya hii alikuwa amelisikia hilo neno. Matatu zilikuwa zimelipiga kwa spika mpaka vioo vikatetemeka. Sasa halipo namna gani?

Tangu siku hiyo nina faili kwenye simu. Kila neno jipya la Kiingereza ninalokutana nalo naliandika: neno lenyewe, nani amelisema, wapi, tarehe. Mengine nimeyatoa TikTok, mengine kwa kinyozi, mengine hapa stage ya Othaya nikingoja gari la Nyeri lijae. Yamepita 800 sasa. Wasee wangu wananicheka, na ni sawa tu. Ila hiyo faili imenifunza kitu kuhusu kwetu ambacho darasani hakuna mtu aliwahi kuniambia, ndiyo maana leo naandika mrefu. Chukua chai.

Tuanze na haya maneno tunayodhani ni yetu. Mwaka 2024 Oxford walichagua "brain rot" kuwa neno lao la mwaka, na 2023 lilikuwa "rizz". Rizz sawa, hilo ni la juzi, limekatwa katikati ya "charisma" na likasambazwa na vijana wa intaneti. Lakini brain rot nilikuwa nimeliandika kwenye faili nikiwa na uhakika limezaliwa na sisi, watu wa kuangalia video za sekunde kumi mpaka saa nane usiku. Kumbe Oxford wamelifuata nyuma hadi 1854, kwenye kitabu cha Mmarekani anaitwa Henry David Thoreau, aliyekuwa akilalamika kwamba akili za watu wa wakati wake zimeoza. 1854! Hata reli ya Mombasa ilikuwa bado zaidi ya miaka 40 mbele.

Wanajuaje lakini? Nani alikaa akatafuta?

Jibu linaanzia London mwaka 1857. Kulikuwa na chama cha wasomi wa lugha, Philological Society, waliochoka na kamusi za wakati huo, wakaamua itengenezwe mpya yenye historia ya kila neno. Kazi ikasuasua miaka na miaka mpaka 1879, ilipokabidhiwa rasmi mwalimu mmoja Mskoti, James Murray. Huyu jamaa alijenga kibanda cha mabati nyumbani kwake na akafanyia kazi humo. Nasema tena: mabati. Kamusi inayoogopwa kuliko zote duniani ilitoka kwenye kitu ambacho mtu wa huku angeweka mbolea na debe za kahawa. Murray alikiita Scriptorium, jina la heshima, ila ndani kulikuwa na baridi ya kutosha hata kwa mtu aliyezoea Julai ya Nyeri.

Halafu akaomba msaada wa umma. Alitoa tangazo: wewe unayesoma vitabu, ukikuta neno, liandike kwenye karatasi ndogo pamoja na sentensi nzima, jina la kitabu, ukurasa na mwaka, unitumie. Watu wakatuma. Karatasi zikafika mamilioni. Alipohamia Oxford, posta walimwekea sanduku la barua nje ya geti lake kwa sababu ya wingi wa barua.

Mmoja wa waliotuma karatasi nyingi na nzuri kabisa alikuwa daktari wa jeshi la Marekani, William Chester Minor. Alisoma kwa mpangilio, alikuwa na wakati, alikuwa na vitabu. Alikuwa na wakati kwa sababu alikuwa amefungwa Broadmoor, hospitali ya wagonjwa wa akili waliofanya uhalifu. Mwaka 1872 alimpiga risasi mtu asiye na hatia huko Lambeth akidhani anawindwa. Kwa hiyo sehemu ya Kiingereza mnachokiona kitakatifu, kile mnachowachekea watu wakikikosea, ilikusanywa na mtu aliyekuwa ndani kwa mauaji. Mimi hilo hunifariji.

Na mambo yalipotea pia. Neno "bondmaid", yaani mjakazi, karatasi zake zilianguka mahali zikasahaulika, na kitabu cha herufi yake kikachapishwa bila hilo neno. Kati ya maneno yote, lililoanguka chini likasahaulika ni la msichana mtumwa. Murray alikufa 1915 kazi haijaisha. Toleo la kwanza lilikamilika 1928.

Nilichotaka uone ni sheria yao. Hapakuwa na mzee kwenye kiti akiamua hili neno ni zuri, hili ni baya. Waliuliza tu: nani ameliandika, lini, na je, wengine wamelitumia baada yake? Ukiwa na karatasi, neno lipo. Kwa hiyo mwalimu wangu aliuliza swali la nyuma mbele. Kamusi ndiyo hufuata neno.

Nilifurahia hiyo sheria kama wiki moja hivi, halafu nikaanza kuiona vizuri. Sheria inasema nani *ameandika*. Kama mdomo ni wako lakini kalamu iko kwa mtu mwingine, karatasi inabeba jina lake.

Chukua "safari". Watu wa pwani walikuwa wakifunga safari karne na karne, lakini kwenye Kiingereza neno linaanza kuhesabiwa na Waingereza waliopita huku katikati ya karne ya 19, Richard Burton akiwa mmoja wao. Hiyo ni haki, ni kamusi yao. "Matatu" nalo liko, na wengi wanaolifuatilia hulirudisha kwa Kikuyu, mang'otore matatu, zile senti kumi tatu zilizokuwa nauli. Kwa hiyo ukikaa kwenye gari la kwenda Karatina umebanwa dirishani, jua umekalia neno la nyumbani lililoingia Kiingereza. Hapo pia hakuna ubaya.

Ubaya unaanza na neno la msitu ule unaouona ukigeuka magharibi.

Mau Mau. Hakuna anayejua kwa uhakika lilitoka wapi, na hilo peke yake lingefaa kukushangaza, kwa sababu wazee waliopigana wengine wako hai. Kuna wanaosema ni "uma uma", tokeni tokeni, likageuzwa kama watoto wanavyogeuza maneno wakicheza. Kuna wanaosema mzungu alisikia "muma", yaani kiapo, akaliandika vibaya. Ile ya Mzungu Aende Ulaya Mwafrika Apate Uhuru ni tamu lakini inanuka kutungwa baadaye. Kinachojulikana ni kwamba miaka ya mwisho ya 1940 maafisa wa serikali walianza kuliandika kwenye ripoti zao, na Agosti 1950 wakalipiga marufuku. Marufuku ilihitaji jina, na jina likawa hilo. Ukitafuta karatasi za kwanza kabisa za hilo neno, utakuta mwandiko wa watu waliokuwa wakiwinda wenye nalo.

Nilimuuliza cucu wangu. Ana miaka 80 na kitu, alikuwa mtoto wakati huo, na anaongea Kikuyu tu akiwa na hasira au akiwa anakumbuka. Nilimuuliza nyumbani walikuwa wanawaitaje watu wa msituni. Akaniambia Mau Mau walilisikia kwa askari. Wao walisema Muingi, watu wote, umma. Ukipeleka chakula unapelekea Muingi. Hata watu wa msituni wenyewe, walipojipa jina rasmi, walijiita Jeshi la Ardhi na Uhuru. Soma hayo majina mawili. Moja linakuambia wanataka nini. Lile lingine ni sauti tu, na sauti unaweza kuijazia chochote.

Na walijazia. Magazeti ya London yalijazia. Mwaka 1955 mwandishi wa Marekani Robert Ruark akatoa riwaya juu yake, 1957 ikawa filamu. Kila mahali neno lilimaanisha mtu mweusi usiku akiwa na panga. Wazungu walowezi waliouawa kwenye vita vyote hivyo walikuwa 32. Waafrika walionyongwa na serikali kwa sheria za hali ya hatari ni zaidi ya 1,000, na hapo hujahesabu waliokufa msituni, kwenye kambi na kwenye vijiji vya kulazimishwa. Cucu alikulia kwenye kimoja cha hivyo vijiji, mama yake akichimba mtaro bila malipo. Hiyo miaka anaiita "imajensi". Ni Kiingereza kilichoingia Kikuyu kwa nguvu, na yeye hulitamka kama jina la mtu aliyemjua.

Sasa hii ndiyo sehemu iliyonifanya niweke simu chini. Siku moja nilikuwa natafuta Mau Mau kwenye kamusi za Kiingereza ili nijaze faili yangu, nikakuta kuna herufi ndogo pia. "To mau-mau". Kitenzi. Maana yake ni kumtisha mtu, hasa ofisa wa serikali, kumvamia kwa vitisho na makelele mpaka akupe unachotaka. Kilivuma Marekani kupitia Tom Wolfe, aliyetoa kitabu mwaka 1970 chenye hilo neno kwenye jina lake, akiandika kuhusu watu wa mitaa maskini ya San Francisco waliokuwa wakivamia maofisa wa miradi ya kusaidia maskini. Merriam-Webster wanalo mpaka leo.

Nilikaa nalo hilo. Guka wa rafiki zangu, wanaume ambao picha zao zimetundikwa sebuleni huku kwetu, ni kitenzi. Mtu huko California anaweza kulitumia akilalamika kuhusu mkutano wa baraza la mji, bila kujua Nyeri iko bara gani. Serikali ya Uingereza mwaka 2013 ilieleza majuto na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa. Kitenzi hakikuguswa. Na sisemi kamusi ikifute, msinielewe vibaya. Kamusi ikianza kufuta maneno kwa sababu yanauma, hata ushahidi wa kilichotufanyikia utaenda nayo. Iache pale. Nataka tu mtu wa Othaya ajue liko.

Turudi kwa maksi zangu mbili.

Mwaka 2002 vijana wawili wa Nairobi, Gidi Gidi Maji Maji, walitoa wimbo unaoitwa Unbwogable. Bwogo ni Kijaluo, kutisha. Wakalivalisha Kiingereza mbele na nyuma, Kijaluo katikati kama nyama kwenye sambusa, ikawa: asiyetishika. Haukuandikwa kama wimbo wa kampeni. Lakini KANU ilikuwa imekaa karibu miaka 40, Moi alikuwa anaondoka, upinzani ukaungana chini ya NARC, na uwanjani watu wakaukuta wimbo umeshasema walichotaka kusema. Mwaka huo neno lilikuwa kila mahali.

Na NARC walikuwa wamemsimamisha nani? Mbunge wetu wa Othaya tangu 1974, Mwai Kibaki. Hapa wazee wa huku hucheka, kwa sababu kabla ya hapo wapinzani wake walimwita General Kiguoya, jenerali mwoga, kwa Kikuyu safi. Huyu ndiye mtu aliyesema mwaka 1991 kwamba kuitoa KANU ni kama kukata mugumo kwa wembe. Sasa huyo huyo anapelekwa Ikulu kwa neno la Kijaluo linalosema hatishiki, tena mwishoni akiwa kwenye kiti cha magurudumu baada ya ajali ya gari. Aliapishwa tarehe 30 Desemba 2002. Mkikuyu wa Othaya alibebwa na neno la Kijaluo lililovaa koti la Kiingereza, na miaka mitano baadaye tukakatana kwa mapanga juu ya makabila hayo hayo. Sijui niweke wapi hiyo sentensi, kwa hiyo nimeiacha hapo.

Angalia kilichofuata lakini. Marufuku ya Mau Mau, ile ya 1950, haikuondolewa tulipopata uhuru. Kenyatta hakuiondoa, Moi hakuiondoa. Kwa miaka 40 ya bendera yetu wenyewe, mzee aliyepigana msituni kisheria alikuwa mwanachama wa kundi haramu. Ni serikali ya Kibaki iliyoiondoa, mwaka 2003, miezi michache tu baada ya watu kuimba hawatishiki. Februari 2007 ikaja ile sanamu ya Dedan Kimathi pale Nairobi, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Unaweza kuwa na maneno mengi dhidi ya Kibaki, mimi pia ninayo, lakini hilo liko kwenye rekodi.

Kwa hiyo kwenye faili yangu yamekaa karibu karibu. Moja linamaanisha kutisha, liliandikwa na waliotuogopa. Lingine linamaanisha kutotishika, lilitungwa na vijana wenyewe, na tunajua majina yao na mwaka. Na mwalimu, kama unasoma hii: magazeti ya hapa na ya nje ya 2002 na 2003 yamejaa hilo neno. Kwa sheria ya Murray lilikuwepo siku unanikata maksi.

Kuna mtu mmoja nimebaki kumtaja. Karari Njama, mwalimu wa Mahiga, hapa hapa Othaya. Aliingia msituni 1953 na akawa katibu wa Kimathi, kwa sababu Kimathi alitaka kila kitu kiandikwe: mikutano, majina, vyeo, barua. Hebu fikiria, unanyeshewa kule Nyandarua, ndege zinadondosha mabomu, na kazi yako ni kuhakikisha karatasi hazilowi. Nyingi zilichukuliwa na jeshi la Uingereza. Njama alitoka hai, na 1966 akatoa kitabu kikubwa pamoja na Mmarekani Donald Barnett, akieleza vita kutoka ndani. Kwenye jalada bado iliwabidi waweke Mau Mau. Bila hilo nani angejua wanazungumzia nini?

Oxford siku hizi wanafuatilia Kiingereza cha huku kwa bidii, mwaka 2022 waliongeza rundo zima la maneno ya Afrika Mashariki, na wanapokea mapendekezo kutoka kwa mtu yeyote, kama Murray tu, ila bila stempu. Nimeshatuma machache. Lakini pia nimefungua faili ya pili, na hiyo ni ya cucu.

Juzi alinipa "gakunia". Ni kagunia, kigunia kidogo. Askari walikuwa wanawapanga watu uwanjani, halafu wanamleta mtu aliyefunikwa gunia kichwani, matundu mawili ya macho. Anapita mbele yenu. Akitikisa kichwa, umeenda. Watu walimwita hivyo tu, Gakunia, kwa sababu huwezi kumwita jina usilolijua. Cucu alisema yeye alimtambua mmoja kwa miguu. Alikuwa jirani. Alisema na jina, na hilo sikuliandika.

Akaninyamazia kidogo, akamimina chai, akaniuliza kama nimeweka tarehe. Nikamwambia nimeweka ya leo. Akasema hapana, futa, weka ile ya siku yenyewe: ilikuwa 1954, mahindi yalikuwa yameanza kutoa ndevu.